Nilimnyima mama chumvi, lawama akabebeshwa mke mwenzake

Mpendwa Bi Zuleha, naomba msaada wako, lakini kabla hujanisaidia naomba unigombeze kwanza, maana huku kwetu hakuna anayenigombeza, wote wananishukuru, na shukrani zao zinanichoma kuliko matusi.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tatu, mpishi katika loji moja hapa Karatu, naishi Ganako na wanangu wawili, mume wangu ni dereva wa watalii na msimu ukiwa mzuri tunaonana mara tatu kwa mwezi. Kwetu hasa ni Enguserosambu, siku nzima kwenye basi, na katika watoto wote wa marehemu baba ni mimi peke yangu niliyefika kidato cha nne, kwa hiyo likitokea jambo la hospitali au la barua ya serikali simu inapigwa kwangu, "tumuulize msomi wetu", na mimi najibu hata nisilolijua. Nakueleza hili ili ujue kiburi changu kilianzia wapi.

Baba alioa wake wawili. Wa kwanza ni mama yangu mzazi, wa pili ni mama mdogo Resiato, na wote wawili tuliwaita yeyo, yaani mama, bila kutofautisha. Najua watu wa mjini wakisikia wake wenza wanafikiria ugomvi tu, lakini hawa wamekamua ng'ombe pamoja zaidi ya miaka arobaini, mmoja akiumwa mwenzake anamkamulia, na baba alipofariki walinyolewa siku moja na kulala kitanda kimoja mwezi mzima kwa sababu kila mmoja aliogopa kumwacha mwenzake peke yake. Mama mdogo alijaliwa mtoto mmoja tu wa kike, ameolewa mbali, mifugo yake inachungwa na watoto wa kaka yangu Tobiko, na zaidi ya lile boma hana pengine pa kwenda.

Mwezi wa nne mama alianza kusumbuliwa na kichwa, nikasema aletwe kwangu. Hospitali wakasema presha iko juu, wakampa vidonge vya kutoa maji mwilini, kimoja kila asubuhi, wakaniambia apunguze chumvi, na wakasema arudi baada ya wiki mbili apimwe damu. Mambo matatu, Bi Zuleha, na yote niliyasikia vizuri. La vidonge nililifuata, la chumvi nikalizidisha, na la kurudi nikaliacha kwa sababu loji ilikuwa imejaa wageni na mama alionekana mzima.

Niliondoa chumvi nyumbani kwangu kabisa, hata kopo lake nikampa jirani. Kwenye simu nina kundi la mambo ya afya, humo nikasoma kwamba maziwa ya ng'ombe yana mafuta ya kuziba mishipa, nikaondoa na maziwa, mama ambaye maziwa ndiyo chakula chake tangu azaliwe nikawa nampa uji mweupe na maboga ya kuchemsha na mchicha mtupu, tena humo humo nikasoma kwamba maji yanasafisha mwili, basi nikawa naleta kutoka kazini zile chupa kubwa za lita moja na nusu, mbili kila siku, na nilikuwa namsimamia mpaka azimalize kama mtu anayemsimamia mtoto anywe dawa ya minyoo. Siku moja aliniangalia akasema, "Mwanangu, chakula hiki kimekufa." Nikacheka, nikamjibu, "Yeyo, ndiyo dawa yenyewe." Akala. Mama yangu ni mtu wa heshima, ukimwambia daktari ndivyo alivyosema, anakula. Na mimi ni mpishi, Bi Zuleha, nalipwa mshahara kwa kujua kiasi cha chumvi kwenye sufuria, ndiyo maana hili linanila.

Baada ya wiki kama tano akaanza kulalamika misuli ya miguu inamkaza, mara kichwa, mara kichefuchefu, akitembea anashika ukuta. Nikasema uzee. Kisha akaanza kuniita Sinyati, ambalo ni jina la dada yake aliyekufa zamani, na kuniuliza kama ndama wamefungwa, humu Ganako ambamo sina hata kuku. Nikasema uzee huo umekuja kwa kasi, lakini nikaendelea na uji na maji yangu, tena nikaongeza maji.

Hapo ndipo mama mdogo Resiato alipokuja kumwona mwenzake. Alikaa siku nne. Siku ya nne nilitoka kazini mapema, nikamkuta mama ameketi mlangoni na bakuli la supu tupu mkononi, amechangamka kidogo, na Resiato amepiga magoti anamfuta mdomo. Nikachukua lile bakuli, nikachovya kidole, nikalamba. Chumvi. Ulimi wangu haudanganyiki. Nikamwambia, "Unataka kuniulia mama?" Akasema taratibu, "Ameomba mwenyewe. Mtu akiomba chumvi, ananyimwa?" Nikamwambia mambo ambayo sitayaandika, ya kwamba wivu wake wa miaka arobaini sasa umepata nafasi.

Katika ule ugomvi hatukuona mama anavyotoka. Jirani yetu Emilian, ambaye anafuga ng'ombe wawili wa maziwa, ndiye aliyekuja kuniita kwa aibu, akaniambia, "Mama, njoo umchukue bibi." Nilimkuta mama yangu zizini kwa Emilian, amepiga magoti kwenye samadi, analamba lile jiwe la chumvi wanalofungiwa ng'ombe, analilamba kwa bidii macho yamefumbwa, na ng'ombe wamesimama pembeni wanamwangalia. Bi Zuleha, sikuwahi kuona aibu kama ile. Na badala ya kujiuliza mwanadamu anatafuta nini kwenye jiwe la ng'ombe, nilisema moyoni, Resiato amemlisha kitu kimemharibu akili. Asubuhi yake nikampeleka mama mdogo stendi mwenyewe. Alipopanda basi aligeuka akaniambia, "Mpe mama yako maziwa." Hakusema jingine.

Siku mbili baadaye, saa nne asubuhi, mama alikuwa jikoni anachambua maharage, nikasikia ungo umeanguka, nikageuka nikamkuta sakafuni, macho yamepinduka, mwili wote unatetemeka na povu mdomoni. Emilian alitubeba na pikapu yake mpaka hospitali. Wakati wanamwingiza ndani, hata dripu hawajaitundika, Tobiko akapiga simu kuuliza mama amepatwa na nini. Nikamjibu maneno matano. "Resiato alimpa kitu kwenye supu." Hata neno yeyo sikulitaja.

Majibu ya damu yalitoka mchana. Daktari, mama mmoja mpole, aliniita pembeni akaniuliza mgonjwa anakula chumvi kiasi gani, nikamjibu kwa fahari, "Hata punje, daktari." Maziwa? Niliondoa. Maji? Lita tatu kwa siku. Akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba chumvi ya damu, ile wanayoita sodiamu, imeshuka mpaka mia na kumi na mbili, na haitakiwi kupungua mia na thelathini na tano, na potasiamu nayo iko chini, na kwamba ubongo wa mama umevimba kwa maji, ndiyo maana alipoteza fahamu na kutetemeka. Nikamuuliza kuhusu ile supu. Akasema, "Supu ya chumvi? Hiyo haikumdhuru kitu." Kisha akasema wataipandisha ile chumvi polepole, siku kwa siku, na mimi sikuelewa kwa nini wasiimimine yote mara moja, nilikaa kwenye benchi la korido nikiangalia matone.

Siku ya nne mama alinitambua kwa jina langu. Siku ya tisa akaomba maziwa na akauliza nani anamkamulia ng'ombe wake. Vidonge vimebadilishwa, sasa yuko kwangu, akili yake nzima, anakula chakula chenye chumvi kidogo na maziwa asubuhi na jioni.

Na mimi sikusema, Bi Zuleha. Tobiko alipokuja kumwona mama alinishika kichwa mbele ya wagonjwa wengine akanibariki, akasema bila mimi mama angekufa, nami nikainamisha kichwa nikapokea baraka. Nilijiambia nitamweleza akishapumzika na safari. Akapumzika, akarudi, sijamweleza. Mke wake ananipigia simu kunipa habari za kunifurahisha, eti siku hizi hakuna anayekunywa maziwa ya kibuyu cha Resiato, watoto wamekatazwa kukanyaga kwake, asubuhi anakamua anajaza kibuyu na jioni anamwaga. Anamwaga maziwa. Kwetu mtu anayemwaga maziwa kila siku ni kama amekwisha kuzikwa. Na tarehe ishirini na nane mwezi huu ukoo wanakaa kikao cha kumwambia aondoke bomani. Mama yangu hakumbuki ugomvi wala zizi, kila siku ananiuliza, "Resiato anakuja lini?" na mimi namjibu kwamba njia ni mbaya, mvua, na mvua yenyewe hakuna.

Nimefikiria niseme ni uzee tu ulimchanganya mama, nisitaje mtu. Nimefikiria nimwombe daktari ampigie Tobiko, amweleze kwa lugha ya kitaalamu, yaishe. Nimefikiria pia niache kikao kipite, halafu nimchukue mama mdogo aje aishi kwangu nimtunze, asijue aliyemponza ni nani. Naogopa nikisema ukweli Tobiko atamchukua mama, na kuanzia hapo hakuna mtu wa kwetu atakayekubali kupelekwa hospitali na mimi. Nifanye nini?

Msomi wao, Ganako.

*

Msomi wao,

Umeomba kugombezwa, basi kaa vizuri. Barua yako nimeitoa nyuma ya foleni nikaiweka mbele, kwa sababu gazeti hili linatoka tarehe ishirini na mbili na kikao chenu ni tarehe ishirini na nane, na mwanamke wa watu anamwaga maziwa.

Nianze na kosa lako dogo, ambalo wewe unaliona kubwa. Uliambiwa upunguze chumvi, ukaiondoa. Mwanangu, kupunguza ni kupunguza. Ukimwambia mpishi wako wa zamu apunguze moto chini ya wali, akauzima, mtagombana. Nimekuwa muuguzi miaka thelathini na moja na nimewaona wengi kama wewe, watoto wanaowapenda wazazi wao kwa nguvu mpaka wanawaumiza. Ni kosa la mtu anayependa na hajauliza.

Sasa nikueleze kilichompata mama yako, kwa sababu utakwenda kukieleza mbele ya watu na sitaki ubabaike. Mishipa ya fahamu, kuanzia ubongo mpaka kidole cha mguu, inapelekeana habari kwa umeme mdogo sana. Umeme huo unatokana na chumvichumvi zilizoyeyuka katika maji ya mwili: sodiamu ndiyo iliyomo kwenye hii chumvi ya mezani, potasiamu ipo kwenye ndizi, maharage na maziwa, na zipo nyingine. Kila mshipa una vilango vidogo. Vikifunguka sodiamu inaingia, kisha potasiamu inatoka, na habari inakuwa imepita. Ndivyo mtu anavyonyanyua mguu, ndivyo anavyokumbuka jina la mwanawe. Chumvichumvi hizo zikipungua, habari zinapotea njiani, misuli inakaza au inalegea, mtu anayumba, na majina yanaingiliana. Mama yako alipokuita Sinyati, alikuwa anakutafuta wewe na njia haipitiki.

Halafu lipo lililo baya zaidi. Maji hufuata chumvi. Damu ikiwa na chumvi kidogo na maji mengi, yale maji yanahamia ndani ya chembe za mwili na kuzivimbisha. Mguu ukivimba una nafasi. Ubongo umo ndani ya mfupa, ukivimba hauna pa kwenda, ndiyo kichwa kinauma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, mwisho degedege. Wewe kidonge kilikuwa kinatoa chumvi, chakula hakirudishi, na lita tatu zinaizimua iliyobaki. Yote matatu yalipita mkononi mwako. Na usishangae walivyoipandisha polepole. Ubongo ulikuwa umeshaanza kuizoea ile hali, ukiurudishia chumvi kwa pupa unaweza kuudhuru ukabaki na kilema. Yule daktari anajua kazi yake.

Ulipoandika kuhusu maziwa niliweka barua chini kidogo. Watu wako wameishi kwa maziwa vizazi vingi bila kuwa na kopo la chumvi nyumbani, na hawakuyumba, kwa sababu maziwa yana chumvi yake na potasiamu yake humo humo. Bibi zako hawakusoma hayo kwenye simu lakini waliyaishi. Na zaidi ya yote, wewe umezaliwa bomani. Ulipokuwa mtoto, ng'ombe akianza kula udongo na kulamba ukuta, baba yako alisema amelogwa? Alisema ng'ombe huyu anataka chumvi, na kesho yake wanaswagwa kwenye magadi, hata kama ni mwendo wa siku mbili. Mama yako alikwenda kwa miguu yake mibovu mpaka kwenye jiwe la chumvi, akapiga magoti, akaonyesha ugonjwa wake wazi mbele ya ng'ombe na jirani, na wewe, binti wa wafugaji, ukaona aibu. Hapo nimekugombeza kwa mara ya mwisho kuhusu chumvi.

Nyinyi wengine mnaosoma, msikimbilie jikoni kuwamwagia wazee chumvi. Presha ni ugonjwa wa kweli na chumvi nyingi inaua. Vidonge msiache, chumvi iwe kidogo kama mlivyoshauriwa, maji mtu anywe kwa kiu yake na kwa maelekezo ya daktari wake, na mkiambiwa mrudi baada ya wiki mbili kupima damu, mrudi, hata loji ikijaa wafalme. Mzee akianza ghafla kuchanganya majina na kuyumba, msiseme uzee. Uzee unakuja taratibu. Kinachokuja kwa wiki chache kina sababu, mpelekeni apimwe.

Turudi kwako, kwenye kosa kubwa, ambalo umeliandika katikati ya barua kama jambo la kupita. Maneno yako matano. La chumvi ulikuwa hujui. La pili, kuanzia mchana ule daktari alipokwambia supu haikudhuru, ulikuwa unajua. Kila siku iliyopita tangu hapo umekuwa ukimsingizia Resiato upya kwa kunyamaza. Na ile baraka ya Tobiko uliyoinamia kichwa ilikuwa ya nani? Kama kuna mtu katika habari hii aliyempa mama yako alichokuwa anahitaji, ni mke mwenzake, kwa bakuli moja la supu. Halikutosha kumponya, nikueleze ukweli, kwa hali ile hata mabakuli kumi yasingetosha, alihitaji hospitali. Lakini alimsikiliza. Mtu ameomba chumvi, akampa.

Nikuambie langu, ambalo sijawahi kuliandika hapa. Mwaka wangu wa pili kazini, mbali na Karatu, waliletwa wagonjwa mchana mmoja tukiwa wachache, na mmoja wao alikuwa mzee mfugaji anayeyumba, ulimi mzito, anajibu ovyo. Nilimnusa, nikajiaminisha nimesikia pombe, nikasema kwa sauti, "Huyu amelewa." Alikuwa ameharisha siku tano, chumvichumvi zote zimetoka. Tulimtibu akapona. Lakini ndugu waliomleta walishaondoka na neno langu, na yule alikuwa mzee wa kanisa ambaye hajawahi kuonja. Nilijiambia watu watasahau, na kijiji chake kilikuwa mwendo wa saa mbili tu. Miaka mitatu baadaye nikasikia kwamba kanisani kwake walimvua uzee wake na akafa bila kurudishiwa. Sasa nina miaka sitini na sita, na ule mwendo wa saa mbili bado sijautembea. Usije ukafika umri wangu na safari kama hiyo.

Kwa hiyo mipango yako mitatu yote itupe. Kusema ni uzee ni uongo wa pili juu ya wa kwanza. Kumtuma daktari ni kujificha nyuma ya koti jeupe, na zaidi ya hapo kikao hakitaamini sauti ya mgeni kwenye simu kuliko ya msomi wao. Na hilo la kumchukua mama mdogo umtunze bila kujua, mwanangu, unataka kumfukuza mtu kwake halafu akushukuru kwa kumpokea. Hapana.

Fanya hivi. Leo hii, ukimaliza kusoma, mwambie mama yako. Ukweli wote, kuanzia kopo la chumvi mpaka maneno matano. Anauliza kila siku, ana haki ya kujibiwa, na akili anayo. Atalia, huenda akakukasirikia, vumilia. Kesho nenda kwa daktari wako uchukue karatasi ya majibu ya damu, na umuulize kama mama anaweza safari ya siku nzima. Akisema anaweza, nenda naye. Akisema bado, mwachie mtu unayemwamini na uende peke yako. Omba ruhusa kazini. Wakikunyima, jiulize hiyo kazi inakusaidia nini.

Usipige simu. Maneno yale yalikwenda kwa simu, haya ya kuyafuta yaende na wewe mwenyewe. Fika kabla ya tarehe ishirini na nane, na ukishuka usianzie kwa Tobiko. Anzia kwa Resiato. Mwite yeyo. Mwambie uliyoniambia mimi, bila karatasi na bila maneno ya daktari, hayo ni ya kikao. Usimwombe akusaidie kutunza siri, na usimwombe akusamehe siku hiyo hiyo kana kwamba anadaiwa. Mwambie tu, kisha mwache.

Halafu simama kwenye kikao. Waeleze kwamba mama aliugua kwa kukosa chumvi, na aliyemnyima ni wewe, na aliyempa ni Resiato. Sema kwa mpangilio huo. Waonyeshe karatasi. Wazee wa kwenu wanajua chumvi kuliko mimi na wewe, wakumbushe ng'ombe anayelamba ukuta, watakuelewa kabla hujafika katikati. Unaogopa hawatakuamini tena kwa mambo ya hospitali. Huenda. Lakini watu humwamini zaidi anayesema "hili nilikosea" kuliko anayejibu hata asilolijua. Na Tobiko akisema anamchukua mama, mama ni wake pia, mtakaa mzungumze, muhimu mama arudi kupimwa damu kila anapoitwa.

Umeniambia Resiato alipopanda lile basi ulilomlazimisha alisema jambo moja tu. Nimelisoma mara nyingi wiki hii. Kwa desturi zenu mama aliyetukanwa vile angeweza kukuachia laana, na ungeibeba mpaka kwa wajukuu zako. Yeye alikuachia matibabu. Mpe mama yako maziwa. Hata hospitali ndivyo walivyoishia kukwambia.

Kwa hiyo ukishamaliza kusema, usikae. Nenda nyumba ya Resiato mchana kweupe, wote wakiwa wamekaa wanaangalia, umwombe kibuyu chake, unywe hapo mlangoni. Akikataa kukupa, subiri hapo hapo mpaka akubali, hata kama ni siku mbili, yeye amesubiri zaidi. Lakini kanywe. Wale watoto hawatarudi kwenye kibuyu kile kwa sababu ya karatasi ya hospitali. Wanamtazama aliyewakataza, na aliyewakataza anakutazama wewe.

Bi Zuleha